Binti wa Wete anarusha kwa mkono wa kushoto: mpira wa mikono ni kazi?

Swali: Assalaam alaikum. Mwanangu ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu hapa Wete. Anacheza mpira wa mikono skuli, na mwalimu wake anasema hajaona mtoto anayerusha kama yeye. Ni shoto, na bibi yake tangu mdogo anamkanya mkono huo. Sasa kuna mtu amemtumia ujumbe kwenye simu, anajiita wakala, anasema atampatia majaribio klabu ya Ulaya, tutoe milioni moja na nusu za matayarisho. Baba yake hataki kusikia. Bibi anauliza huko atavaa nini. Mimi nataka kujua: mpira wa mikono kwa mwanamke ni kazi kweli, au namwacha mtoto apotee?

Jibu: Wa alaikumu salaam, dada yangu.

La pesa kwanza, maana hilo halisubiri. Usitoe hata senti. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayomlipia safari. Tena mchezaji akihama nchi kwenda kucheza, lazima kitoke cheti cha uhamisho wa kimataifa, nacho hupitia chama cha mpira wa mikono cha nchi anayotoka na cha nchi anayokwenda. Jambo likiwa la kweli, viongozi wa mchezo hapa kwetu watalijua. Muulize huyo bwana klabu inaitwaje, kocha wake nani, na ameshaandika barua kwa chama gani. Akianza kukwambia nafasi zinajaa kesho, mfungie simu. Na asipewe pasi ya mtoto wala picha ya cheti cha kuzaliwa.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Tulikuwa na mlinda mlango timuni kwetu, mikono mirefu, hana woga. Kwao walitoa pesa ya msimu mzima wa karafuu wakampa mtu aliyekuja na karatasi zenye mihuri. Mwenzetu akakaa Dar es Salaam wiki tatu kwa jamaa zake akisubiri tiketi. Tiketi haikuja, naye aliporudi hakukanyaga kiwanja tena. Pesa ziliwauma wazee wake. Mimi kilichoniuma zaidi ni kwamba alituonea haya sisi wenzake, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, ni kazi. Ufaransa, Hungaria, Romania, Denmark, Norway na Ujerumani wako wanawake wanaoamka asubuhi kwenda mazoezini kama mwengine anavyokwenda kufungua duka lake, na mwisho wa mwezi wanapokea mshahara. Hatua ya mwisho ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Ulaya huchezwa Budapest, ndani ya ukumbi unaochukua watu 20,000. Mwaka 2021 ligi ya wanawake ya Ufaransa ilisaini makubaliano ya kazi yanayomlinda mchezaji hata akipata mimba, mshahara wake usikatwe. Katrine Lunde, mlinda mlango wa Norway, alizaliwa 1980. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa na miaka 44 na ni mama wa mtoto, akavaa dhahabu yake ya tatu baada ya zile za 2008 na 2012. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba mwanamke akizaa mchezo umekwisha, mtajie jina hilo.

Lakini nisikupambie. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Ukishuka daraja la pili katika nchi nyingi, mchezaji anasoma au anafanya kazi nyengine mchana na kucheza jioni. Na hata klabu kubwa huanguka: Vipers Kristiansand ya Norway ilitwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, na Januari 2025 ikafilisika katikati ya msimu. Fikiria binti aliyeko ugenini, baridi imeshika, anaambiwa klabu haipo tena. Mwenye cheti cha skuli na lugha ya watu anapata pa kushikia. Asiye navyo anarudi na begi.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, dada yangu, kwa sababu wazazi wengi wanaoniuliza swali hili wanaanzia kwenye ndege. Mimi naanzia kwenye mechi. Mwanao ana mkono, lakini mkono haumfikishi mtu popote kama hajakutana mara kwa mara na mabeki wanaomzidi nguvu, na mlinda mlango aliyekwisha kumsoma anarushaje. Jiulize mwaka huu amecheza mechi ngapi. Sizungumzii mazoezi. Mechi, zenye mwamuzi na dakika zinazohesabiwa. Kama ni tano au sita za mashindano ya skuli, basi hata akifika huko Ulaya kesho atakutana na wasichana wa umri wake waliocheza kila wiki tangu wana miaka kumi, na majaribio yatamalizika ndani ya nusu saa.

Tazama Angola. Ni nchi ya Afrika kama sisi, na haikuanza kwa neema. Ilitwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaunguruma, na vita vile havikumalizika hadi 2002. Tangu Atlanta 1996 timu ile haijakosa Olimpiki hata moja. Mwaka 2007 ilimaliza ya saba duniani. Ubingwa wa Afrika imeuchukua zaidi ya mara kumi. Walikuwa na nini? Walikuwa na Petro de Luanda na Primeiro de Agosto, klabu mbili za mji mmoja zisizoachiana hata mpira wa pembeni. Msichana wa Luanda alikuwa akikutana na upinzani wa kimataifa bila ya kupanda ndege. Ulaya walimfuata baadaye, akiwa keshaiva.

Sisi Pemba hatuna hayo, lakini tuna skuli nyingi, na kutoka Wete kwenda Chake ni safari ya daladala. Mwambie mwalimu wake nimesema hivi: atafute skuli nne zenye timu za wasichana, mbili za Wete, moja ya Chake, moja ya Mkoani. Wacheze nyumbani na ugenini kila Jumamosi. Kila timu inapata mechi sita. Wakirudia muhula wa pili, ni kumi na mbili. Juu yake ongeza mashindano ya skuli, na likizo moja aje Unguja acheze na watu wazima. Nusu ya mazoezi yake acheze na wavulana wa rika lake, maana ndio watakaomfundisha kurusha haraka kabla mkono wa beki haujafika. Na upimwe mpira wanaotumia. Msichana aliyetimiza miaka 14 hutumia mpira namba mbili, mzunguko wa sentimita 54 hadi 56, uzito wa gramu 325 hadi 375. Nimeona skuli ambako wasichana wanarusha mpira mzito wa wanaume kwa kuwa ndio uliopo, na mabega yanalipa.

Kuna mambo mawili ambayo kiwanja chetu cha saruji hakimfundishi mtoto, nayo yanawaumbua wachezaji wetu wakienda nje. La kwanza ni kujitupa. Winga wa ukumbini huruka kuingia ndani ya duara la mita sita, anauachia mpira akiwa hewani, kisha anateleza kwa ubavu sakafuni. Kwenye saruji ukifanya hivyo unaacha ngozi yako pale. Kwa hiyo watoto wetu wanajifunza kuruka kidogo, kwa woga, na kutua wima. Dawa yake iko kwenu: mchanga. Siku moja kwa wiki, wakati maji yametoka, awe pwani anaruka na kujitupa mpaka mwili usahau hofu. Siku ya safari, nendeni pwani ya Vumawimbi na mpira, hakuna ukumbi duniani mpana kama ule.

La pili ni gundi. Wachezaji wakubwa hupaka gundi ya utomvu vidoleni ili wauzungushe mpira watakavyo. Mara yangu ya kwanza kushika mpira uliopakwa ilikuwa kwenye mashindano ya ugenini. Nilinyanyua mkono kutoa pasi niliyokuwa nimeitoa mara elfu, mpira ukachelewa kuachia kidole cha kati, ukagonga sakafu hatua mbili mbele ya mguu wangu. Wapinzani wakauchukua wakaenda kufunga. Kwa dakika kumi nzima nilikuwa kama mtu aliyebadilishiwa mkono. Hakuna aliyewahi kuniambia. Namwambia mwanao leo: akipata nafasi ya kwenda kambi yoyote yenye ukumbi, siku ya kwanza aombe kuushika mpira wa gundi peke yake ukutani, arushe mia mbili, kabla ya kuingia kwenye mchezo.

Niende kwa bibi yake, na mkono wa kushoto. Bibi ana haki yake: chakula na salamu ni mkono wa kulia, hayo ni malezi na mtoto ayashike. Kiwanjani mwacheni. Simama kona ya kulia ya kiwanja, ulitazame goli. Lina upana wa mita tatu na kimo cha mita mbili, lakini kutoka kona ile, mwenye kurusha kwa mkono wa kulia analiona kama ufa wa mlango, kwa sababu mkono wake uko upande wa nje, karibu na mstari. Shoto akiruka kutoka pale pale, mkono wake unaelekea katikati ya kiwanja, na kila shibiri anayosogea hewani inamfungulia goli. Ndiyo maana timu kubwa hutaka shoto winga ya kulia na beki ya kulia (katika mchezo huu beki naye hushambulia na kurusha), na mashoto ni wachache popote duniani. Kocha akiwa na wasichana kumi wazuri wa mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, huyo mmoja hakosi namba. Mwambie bibi kwamba alichokuwa akikikanya ndicho kitakachomtafutia mjukuu wake riziki, inshallah.

Kuhusu mavazi, bibi amepatia kuuliza. Kanuni za shirikisho la kimataifa, IHF, zinaruhusu kitambaa cha kichwani mradi kiwe laini na chenye kunyumbuka. Pini hapana, wala chochote kinachoweza kumchoma mtu. Kwa hiyo ashone au anunue ushungi wa kuvaa kwa kuingiza kichwa, na suruali ndefu ya kubana avae ndani ya bukta. Timu ya wanawake ya Iran ilicheza Kombe la Dunia nchini Hispania mwaka 2021 ikiwa imejisitiri kutoka kichwani hadi miguuni, mbele ya dunia nzima. Kwa upande wa mpira wa mikono wa ufukweni, wachezaji wa Norway walitozwa faini mwaka huo huo na shirikisho la Ulaya kwa kuvaa bukta badala ya chupi ya kuogelea. Kelele zikawa kubwa, na IHF ikabadilisha kanuni ile. Lakini nchi hazifanani. Ufaransa iliwazuia wanamichezo wake wenyewe kuvaa hijabu kwenye Olimpiki ya Paris. Siku ikifika ya kuchagua klabu, kanuni ya mavazi ya ligi ile isomwe na isemwe wazi kabla ya saini. Hilo ni sharti la mkataba kama mshahara ulivyo, na mwenye kulisema mapema hadharauliwi.

Sasa kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kumaliza bila kulisema, nalo ni goti. Mchezo huu una kuruka, kugeuka ghafla na kusukumwa ukiwa hewani. Wanawake huumia kano ya ndani ya goti, ile madaktari wanaiita ACL, zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi hakuna hata aliyewagusa. Ikikatika, ni upasuaji na miezi mingi nje, na upasuaji wa namna hiyo si kitu cha kupatikana Wete. Cristina Neagu wa Romania, aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia mara nne, alipita huko: bega kwanza, kisha goti mwaka 2018. Alirudi, lakini alikuwa na madaktari, klabu na mshahara nyuma yake. Paris 2024 nahodha wa Angola, Albertina Kassoma, aliumia goti kwenye mechi na Brazil akashindwa kusimama, na mpinzani wake, Tamires Araújo, akambeba mikononi hadi nje ya kiwanja. Picha ile iliwaliza wengi. Mimi nililia kwa sababu najua wangapi wetu wameumia kwenye saruji na wakatolewa kwa khanga, kisha wakaambiwa wakandwe kwa maji moto.

Habari njema ni kwamba goti linalindika. Norway walifanya uchunguzi kwa vijana zaidi ya 1,800 wa mchezo huu, wa miaka 15 hadi 17, ukachapishwa mwaka 2005. Waliofanya mazoezi maalumu ya dakika 15 hadi 20 kabla ya kucheza, ya kutua vizuri, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha mapaja, walipata majeraha ya goti na kifundo cha mguu karibu nusu ya wenzao. Hayahitaji mashine. Leo jioni fanya hivi wewe mwenyewe: mpandishe mwanao juu ya kibaraza kisichozidi goti lake, mwambie aruke chini atue kwa miguu miwili, nawe ukae mbele yake utazame magoti tu. Yakikaribiana, yakiingia ndani kama yanataka kugusana, hayo ndiyo magoti ya kuyahofia. Mrudishe juu tena, atue polepole, magoti yafuate vidole vya miguu, makalio yarudi nyuma kama anayetaka kuketi. Mara kumi, kila siku. Kisha asimame kwa mguu mmoja juu ya godoro jembamba lililokunjwa, mdogo wake amrushie mpira. Kwa kuwa yeye ni shoto anarukia mguu wa kulia, basi mguu huo aushughulikie zaidi. Nimewaona wasichana wakibadilika ndani ya wiki sita.

Tuje kwenye njia ya karibu, ambayo watu huidharau kwa sababu haina ndege. Hapa Zanzibar klabu za vikosi, KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ na Zimamoto, zina desturi ya miaka mingi ya kuajiri watu kwa sababu ya michezo. Bara timu za majeshi zina nguvu katika mpira wa mikono. Mchezaji wa namna hii ana mshahara wa serikali, na siku mwili ukichoka anabaki na kazi yake. Nje kidogo, Nairobi kuna Nairobi Water, timu ya wanawake ambayo imetawala Kenya na kuchukua ubingwa wa klabu wa Afrika Mashariki na Kati. Kwa binti wa Pemba anayezungumza Kiswahili na anayeweza kurudi nyumbani kwa Idi, miaka miwili pale ingemfaa kuliko kukaa benchi mji wa theluji. Mashindano ya skuli za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, nayo yana mpira wa mikono, na huko timu za Kenya, Uganda na Rwanda huonwa na macho ya watu wazima wa mchezo. Hilo ndilo lango ningemlengesha.

Lakini mwakani ni Kidato cha Nne. Mtihani wake ni Novemba, na mashindano makubwa ya skuli huja katikati ya mwaka. Kaeni na mwalimu sasa, mpange ratiba: mazoezi siku nne, chuo chake cha Qur'ani kisiguswe, masomo ya jioni yasiliwe na kiwanja, na kuanzia Septemba mpira upungue hadi siku mbili. Vituo vya kulea vijana vya klabu za Ulaya huambatana na masomo, mtoto anacheza na kusoma pamoja, na mwenye matokeo mabovu anafungiwa milango ambayo mkono wake ulikuwa umeifungua. Kiingereza akitilie mkazo. Akipenda Kifaransa, bora zaidi.

Baba yake usibishane naye kwa maneno. Wanaume wengi wanaokataa hawajawahi kumwona mtoto wao akicheza. Wanamwona akirudi na jasho na raba zimeraruka, basi. Mchukue Jumamosi moja akae pembeni ya kiwanja, umweleze kanuni tatu tu: hatua tatu na mpira mkononi, sekunde tatu kuushika, na hakuna wa kukanyaga ndani ya duara ila mlinda mlango. Nyingine ataziona mwenyewe.

Na siku hiyo hiyo mpige picha ya video. Mtu akae juu ya ukuta au kiti, nyuma ya goli, simu ailaze upande, arekodi mechi nzima bila kuikata, nusu zote mbili. Wengi hutuletea vipande vya magoli vyenye muziki, na sisi makocha hatujifunzi kitu humo. Nataka nimwone anafanya nini akipoteza mpira, anarudi kwa mbio au anashika kiuno. Anapokosa mtupo wa mita saba, yaani penalti, anamtazama nani. Mpe mwalimu wake anifikishie, na mwambie binti asifute pale alipokosa.